Uzito wa mtoto: unapanda, umesimama au unashuka?

Kila mtoto anapopimwa kliniki, uzito mpya huandikwa kwenye kadi. Ndugu msikilizaji, namba hiyo peke yake haitoshi. Tuisome pamoja na zilizotangulia.

Chukua uzito wa kila mwezi, utoe ule wa mwezi uliopita. Ikiwa kila mara kuna ongezeko, uzito unapanda. Namba zikiwa zile zile, umesimama. Kila mara ikipungua, unashuka.

Tuseme miezi minne imeandikwa kilo 7.2, 7.6, 7.6 na 7.4. Ukitazama ya kwanza na ya mwisho tu, utasema mtoto ameongezeka gramu 200. Lakini tukienda mwezi kwa mwezi, tunaona alipanda, akasimama, kisha akashuka. Hilo ndilo la kuangalia.

Mtoto mchanga hupungua kidogo siku chache baada ya kuzaliwa, na hiyo ni kawaida. Baada ya hapo, mstari wa kwenye kadi unatakiwa kupanda. Ukilala au ukishuka, tunakushauri usisubiri mwezi ujao. Mpeleke mtoto kwa mhudumu wa afya, na kadi uwe nayo mkononi.