Majina Mawili juu ya Trekta Moja

Pengine mmepata kuona trekta jekundu likilima shambani, na ubavuni mwake pameandikwa Massey Ferguson. Mtoto wa shule akiyasoma majina hayo hudhani kuwa ni ya mtu mmoja. Sivyo. Massey alikuwa mtu wa Kanada, na Ferguson mtu wa Ayalandi. Wala hawakupata kuonana, kwa kuwa Massey alifariki kabla Ferguson hajazaliwa. Basi leo twataka kueleza jinsi majina hayo yalivyokutana.

Mwaka 1847 Daniel Massey alifungua karakana ya zana za ukulima katika mji mdogo wa Newcastle, jimbo la Ontario. Miaka kumi baadaye Alanson Harris naye akafungua yake Beamsville, katika jimbo lilo hilo. Makampuni hayo yalifanya mashine za kuvunia nafaka, yakagombea wanunuzi wale wale, hata mwaka 1891 yakaona heri kuungana, yakaitwa Massey-Harris. Lakini zana zao zilikokotwa na farasi. Zama za trekta zilipofika walijaribu bila ya kufanikiwa sana, ndipo mwaka 1928 wakanunua kiwanda kimoja cha Racine, Marekani, kilichokuwa kikifanya matrekta ya jina la Wallis. Hivyo walinunua ujuzi ambao wenyewe hawakuwa nao.

Sasa tuvuke bahari. Harry Ferguson alizaliwa mwaka 1884, mwana wa mkulima wa Ayalandi ya Kaskazini. Siku zile plau ilifungwa tu nyuma ya trekta na kuburutwa. Plau ikikwama katika jiwe au kisiki, magurudumu huendelea kusukuma, kichwa cha trekta huinuka, na pengine hupinduka likamwua dereva. Ferguson aliiunganisha plau na trekta kwa viungo vitatu, akatumia nguvu ya mafuta yaliyosukumwa na pampu kuiinua na kuishusha. Plau na trekta vikawa kama kiwiliwili kimoja, na uzito wa kazi ukayakandamiza magurudumu yashike ardhi. Kwa hiyo trekta jepesi liliweza kazi ya trekta zito, tena bila hatari ile.

Mwaka 1938 Ferguson alikwenda Marekani kwa Henry Ford, mfanyaji motakaa mashuhuri. Wazee hao wawili walikubaliana kwa kupeana mikono tu, hawakuandika mkataba. Ford afanye matrekta, Ferguson ayauze. Yakafanywa zaidi ya 300,000. Lakini mwaka 1947 Henry Ford alifariki. Mjukuu wake, aliyekwisha kushika usukani wa kampuni, akauvunja ushirika huo, akafanya trekta jipya lenye viungo vile vile. Ferguson akashtaki, na kesi ikaendelea hata mwaka 1952, alipolipwa dola 9,250,000. Ni fedha nyingi, lakini ni sehemu ndogo tu ya alizodai. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wakati huo matrekta yake mengine yalikuwa yakifanywa Coventry, Uingereza. Mwaka 1953 aliungana na Massey-Harris. Husimuliwa kwamba katika kupatana bei walitofautiana kwa dola milioni moja, wakarusha sarafu, na Ferguson akashindwa. Mwaka uliofuata aliondoka katika kampuni, na mwaka 1958 jina refu la Massey-Harris-Ferguson likafupishwa. Jina la Harris likaachwa njiani.

Mwaka 1959 kampuni hiyo ilinunua kiwanda cha injini cha Perkins, na kiwanda cha Coventry pia. Ikawa kubwa mno. Lakini ukubwa ule ulikuja pamoja na deni, na katika miaka ya 1970 hasara na riba vikaielemea. Mwaka 1994 matrekta hayo yakanunuliwa na AGCO, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1990 tu. Mtoto wa miaka minne akamnunua mzee wa miaka karibu 150! Jina hakulifuta, kwani mkulima hununua jina alijualo na kuliamini. Ila kiwanda cha Coventry kilifungwa kabla mwaka 2003 haujaisha, na mafundi wake wakakosa kazi.

Basi tumeona kuwa kuungana kwaweza kukuza, na kwaweza kuelemea. Sisi tufundishao vijana twawaambia: mkiingia ushirika, wa ng'ombe au wa kahawa, aminianeni; lakini andikeni. Mkono hupeanwa na watu, na watu hufa. Maandishi hubaki kwa wajukuu.