Shujaa wetu aliongea Sheng

Wiki hii nimerudia Shujaaz za kitambo, zile tulikuwa tunachukua bure kwa duka la M-Pesa hapa Lucky Summer. Zilianza 2010, zikiingizwa ndani ya Daily Nation. Boyie amemaliza shule, hana kazi, anatangaza redio kisiri kutoka chumbani kwake. Na anaongea Sheng! Darasani Sheng ilikuwa makosa. Hapa ilichapishwa, ikasambazwa nchi nzima. Kabla yake, Edward Gitau alichora Juha Kalulu kwenye Taifa Leo kwa miongo kadhaa. Kwa hivyo msiniambie katuni ni za Marekani tu. Shida ni kutunza: zangu nyingi ziliishia kufunga mandazi. Kama bado uko na ya 2010, usitupe. Niite, nikuje tusome.