Mashine ya mkate ilifunzwa na mkono

Sisi tuliotoka visiwani tukaolewa Geita na Shinyanga tunaulizwa sana na mabibi harusi: tuje na mashine ya mkate?

Tuanze na asili yake. Miaka ya 1980 kampuni ya Matsushita ya Japani ilijaribu kutengeneza mashine ya kuokea nyumbani. Mkate ukatoka umeungua nje, mbichi ndani. Mfanyakazi wao, Ikuko Tanaka, akaenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja mjini Osaka. Akaona mwokaji yule anapokanda huuvuta unga na kuusokota. Mafundi wakaweka mbavu ndani ya chombo ili mashine nayo ivute hivyo, na mkate ukakubali.

Huku Usukumani, chakula cha wazee ni ugali wa mtama na uwele. Mtama huohuo ndio wa mkate wetu wa mofa, na mofa hauna mashine: ni mkono na tanuri la udongo.

Ramadhani moja umeme ulikatika donge likiwa linaumuka. Hatukujua la kufanya, tukatupa unga wa futari. Jirani akatuambia tungelitoa tu, tukaliacha liumuke, tukaoka kwa mkaa juu na chini. Ile ilikuwa israfu, Allah atusamehe.

Kwa hiyo bibi harusi, njoo nayo. Lakini kabla ya kufunga mizigo, kanda mikate kadhaa na mama. Hata cherehani humfaa aliyejifunza kwanza kushona kwa mkono.