Siku moja Kakamega: Msitu, jiwe liliao na ardhi ya dhahabu

MJI wa Kakamega, makao makuu ya kaunti iitwayo kwa jina hilo magharibi mwa Kenya, uko kilomita 50 hivi kaskazini mwa Kisumu. Wasafiri wengi huupita tu wakielekea Webuye au Kisumu. Hata hivyo, mtu aliye peke yake, asiye na gari na mwenye siku moja tu, anaweza kuona mengi akiupanga muda wake vyema.

Jambo la kwanza kuzingatia ni mvua. Kakamega ni miongoni mwa sehemu zipatazo mvua nyingi zaidi nchini, na aghalabu huanza kunyesha alasiri. Kwa hivyo msitu hutembelewa asubuhi, na mji huachiwa saa za mchana.

Safari ya kwenda Isecheno, upande wa kusini wa msitu, huanzia katika kituo cha matatu mjini. Magari hufuata barabara ya Kisumu hadi Khayega, kisha msafiri hushika njia ya Shinyalu na kumalizia mwendo kwa bodaboda.

Msitu huu ndio sehemu kubwa iliyosalia nchini Kenya ya misitu ya mvua iliyowahi kutanda kutoka Kongo kupitia Uganda. Ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1933. Mwaka 1985 sehemu yake ya kaskazini, Buyangu, ilifanywa hifadhi ya taifa, na sasa iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Upande wa Isecheno husimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu.

Mbega na kima huonekana bila taabu, na aina za ndege zilizorekodiwa humo zimepita 300. Mgeni aliye peke yake hashauriwi kuingia bila mwongozaji, kwani vijia ni vingi na vinafanana. Isitoshe, mwongozaji huwa ni mwenyeji ajuaye jina na matumizi ya kila mti, na ujira wake ni njia mojawapo ya kuwafanya majirani wa msitu wauone kuwa na faida ukiwa umesimama kuliko ukiwa umekatwa. Jambo hilo si dogo mahali ambapo mashamba ni madogo, watu ni wengi, na kuni na mkaa ndivyo vipikiavyo katika nyumba nyingi.

Karibu na Isecheno kuna kilima cha Lirhanda. Juu yake msitu wote huonekana kama zulia la kijani. Ubavuni mwake mna shimo refu lililochimbwa na watafuta dhahabu, ambalo leo ni makao ya popo. Shimo hilo ndilo mlango wa kuielewa historia ya Kakamega.

Dhahabu iligunduliwa katika eneo hili mwaka 1931, na mara wazungu kwa mamia wakafurika wakitafuta bahati. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi iliyotengewa wenyeji ingebaki yao daima. Ahadi hiyo haikudumu miaka mitatu. Mwaka 1932 sheria ilirekebishwa ili ardhi iweze kuchukuliwa kwa uchimbaji bila wenyewe kupewa nyingine badala yake. Malalamiko yalifika hadi Bunge la Uingereza jijini London, lakini uchimbaji uliendelea. Mgodi wa Rosterman, karibu na mji, ulifanya kazi hadi mwaka 1952, na jina hilo lingali linatumika kwa mtaa uliopo hapo. Hadi leo wachimbaji wadogo wanaendelea kuchimba katika eneo la Ikolomani, na zaidi ya mara moja machimbo yamewaporomokea na kuwaua.

Katika kurudi mjini, inafaa kushuka Ilesi, kando ya barabara ya Kisumu. Hapo ndipo lilipo jiwe liliao: nguzo kubwa ya mwamba iliyobeba jiwe jingine mfano wa kichwa, huku maji yakitiririka kama machozi. Kwa Kiluhya huitwa Ikhonga Murwi. Simulizi mojawapo ya wenyeji husema ni msichana aliyekataliwa na baba yake kuolewa na ampendaye, akageuka jiwe na hajanyamaza tangu hapo.

Anayefika siku ya Jumamosi aulize mapema iwapo kuna mchezo wa mafahali huko Khayega au Shinyalu, kwani mara nyingi huanza alfajiri. Tofauti na Uhispania, hapa fahali hupambana na fahali mwenzake, si mtu. Mafahali husindikizwa kwa ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura.

Mtembezi hula miguu yake, walisema wahenga. Atembeaye Kakamega kwa siku moja hurudi akiwa ameona pia kwamba msitu, jiwe na shimo la dhahabu vimo katika ardhi ile ile, na kwamba swali la nani afaidike nayo halikuishia mwaka 1952.