Mjenzi wa Matofali 12

Mwaka 1996 nilikuwa najifunza kuchapa katika duka la steshenari la mjomba, Tanga. Kompyuta ilikuwa moja. Wateja wakiondoka, tuliirithi mimi na binamu yangu hadi saa ya kufunga, na mchezo wetu ulikuwa Lemmings.

Vijitu vyenye nywele za kijani na nguo za buluu vinadondoka kutoka kwenye mlango wa juu, vinaanza kutembea, na havisimami. Vikikuta ukuta vinageuka, vikikuta shimo vinatumbukia. Kazi yako ni kuvichagua vichache uvipe kazi, kuchimba, kuzuia wenzao au kujenga, ili vingine vifike salama.

Aliyetutesa ni mjenzi. Ukimbofya anapanga matofali 12, ngazi inapanda. Matatu ya mwisho yanatoa mlio. Usipombofya tena hapo hapo, anainua mabega kama fundi aliyeishiwa saruji, kisha anaendelea na safari yake, hata kama mbele ni shimo. Na kipanya chetu kilikuwa cha zamani, chenye mpira tumboni uliojaa nyuzi na taka. Jibu unalo kichwani, mshale haufiki. Ndipo tukagawana: mimi nawaza na kunyoosha kidole kwenye kioo, binamu anabofya.

Mchezo huo ulizaliwa Dundee, Scotland, katika kampuni ndogo ya David Jones iitwayo DMA Design. Mwaka 1989 Mike Dailly alichora vijitu vinavyotembea ndani ya kisanduku cha nukta 8 kwa 8, kuonyesha tu kwamba inawezekana. Mwenzake Russell Kay akaona hapo pana mchezo. Psygnosis ya Liverpool iliutoa Februari 1991 kwa kompyuta za Amiga, ukiwa na hatua 120 katika madaraja manne.

Kabla yake palikuwa na Sokoban ya Mjapani Hiroyuki Imabayashi, ya mwaka 1982: unasukuma makasha ghalani, saa haikukimbizi, na ukikwama umekwamishwa na kichwa chako mwenyewe. Watu wa Dundee waliongeza saa na miguu isiyotulia, kwa hiyo mkono nao ukaingia kwenye mtihani. Hatari ya hapo ni kwamba mkono unaweza kumeza kila kitu.

Dawa yao naivulia kofia. Ramani kadhaa za daraja la kwanza, ulizopita ukiwa na zana tele, zinarudi katika madaraja ya juu zana zikiwa zimepunguzwa. Mandhari unayajua, mkono umeshazoea. Kilichobaki ni kuwaza. Tena walijaribiana wenyewe kwa wenyewe. Dailly amesimulia jinsi Jones alivyokuwa akijigamba na hatua yake mpya, wenzake wakamwonyesha njia ya mkato rahisi kabisa, naye akarudi kuiziba.

Si kwamba hawakuteleza. Zipo hatua ambazo jibu unaliona dakika ya kwanza, halafu unatakiwa ukinase kijitu kimoja katikati ya msongamano. Hizo nilizichukia na bado nazichukia. Toleo la pili, la mwaka 1993, lilileta kazi zaidi ya 50, na hata feni ya kupulizia wanaoruka. Kwangu mimi hapo mizani iliwaponyoka. Baadaye DMA waligeukia magari ya wizi, Grand Theft Auto ya mwaka 1997, na dunia ikawajua kwa hayo.

Sisi tulikuwa na daftari la kunakili herufi 10 zinazofungua kila hatua, maana mjomba alizima kompyuta bila kuuliza. Binamu alihamia Arusha kabla hatujamaliza. Peke yangu, bila mkono wake, niliishia hatua ya 11 ya daraja la nne.