Deni Lilivyokula Mikarafuu

Tunaposikia harufu ya karafuu zilizoanikwa juu ya majamvi, wengi wetu hukumbuka neema. Lakini chini ya jamvi lile ipo historia nyingine, nayo ni historia ya deni. Inafaa tuizingatie, kwani haijesha.

Karafuu si zao la asili la Unguja na Pemba. Ililetwa mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said bin Sultan akahimiza ipandwe kwa wingi. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja; Pemba ikasalimika zaidi, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyoongoza kwa karafuu.

Mkarafuu una tabia yake. Hungojewa miaka sita au saba kabla ya kuzaa, na hata ukishaanza, mwaka mmoja huzaa sana kisha ukapumzika. Tumbo la mkulima halipumziki. Basi mwenye shamba alikopa mchele, nguo na fedha za wachumaji, akaweka shamba lake kuwa dhamana.

Hapa ndipo penye mazingatio. Kila mtu alijua kwamba riba ni haramu. Kwa hivyo katika hati haikuandikwa riba, yaliandikwa mauzo. Mwenye shamba "alimuuzia" mkopeshaji kwa kiasi cha deni, naye akawa na khiyari ya kulirudisha kwa muda waliopatana. Huku nyuma alibaki humo humo, akilipa kodi kwa shamba alilolipanda mwenyewe. Kodi ile ndiyo iliyokuwa faida ya mkopo. Muda ukipita hajalipa, shamba limekwenda. Jina lilibadilika, jambo likawa ni lile lile.

Bei ya karafuu ilipoanguka katika miaka ya 1930, madeni yalishinda mavuno. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria za kuzuia mashamba yasihamie mikononi mwa wakopeshaji. Lakini sheria huzuia hati, haijazi chungu.

Sasa mtazame mtu wa Makunduchi au Jambiani, ambaye ardhi yake ni mawe matupu. Alipanda muhogo na mtama palipokuwa na udongo baina ya mawe, akavua, na mkewe akafukia makumbi na kusokota kamba. Msimu ukifika alikwenda kuchuma karafuu za wengine kwa malipo ya pishi, kisha akarudi kwao. Hakuwa tajiri, na njaa aliijua. Ila karafuu kwake ilikuwa mguu mmoja tu wa kusimamia. Katika vijiji hivyo vya mashariki, wanawake walianza kulima mwani mwaka 1989. Mwani nao una mitihani yake: bei ni ndogo, na maji ya bahari yakizidi joto hufa. Mguu mmoja hautoshi.

Ndugu msomaji, usidhani haya yamepita. Hata leo wako wanaouza karafuu zikiwa bado mtini, kwa sababu mtoto ni mgonjwa au ada ya skuli imefika. Mtume wetu (S.A.W.) amekataza kuuza matunda yaliyo mtini kabla ya kudhihiri kufaa kwake. Na katika Suratul Baqara, aya ya 280, tumeamrishwa kumpa muhula mdaiwa mwenye dhiki, na kumsamehe ni bora zaidi.

Basi wewe mkulima, usiung'oe muhogo kwa tamaa ya karafuu. Na wewe uliyejaaliwa nafasi, jirani akikubishia hodi kabla ya msimu, usiinunue dhiki yake kwa bei rahisi. Mpe mkopo mwema usio na ziada, umngojee mpaka avune. Shamba likibaki mikononi mwa wanawe, ujira wako uko kwa Mola wako.

Mwenyezi Mungu atukinge na deni lenye kutushinda. Amin.