Mtihani wa Kiingereza: Jifunze ukoo wa neno

Malvern ni kitongoji cha kaskazini mashariki mwa jiji la Toronto, nchini Kanada, katika eneo la Scarborough. Palikuwa mashamba hadi miaka ya 1950, serikali kuu ilipoitwaa ardhi hiyo kwa ajili ya makazi. Nyumba zilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na tangu hapo wahamiaji kutoka Karibea, Asia Kusini, Ufilipino na Afrika wamepafanya kwao.

Kwa Waafrika Mashariki wengi waliofika huko, Kiingereza si lugha ngeni. Wamekisoma sekondari na wengine wamehitimu nacho chuo kikuu. Hata hivyo, hukuta kuwa cheti cha nyumbani hakitoshi, na kwamba njia ya kupata ukaazi wa kudumu mara nyingi hupitia katika chumba cha mtihani.

Alama zinavyoamua

Kanada hupima lugha kwa ngazi 12. Mfumo wa maombi ya ukaazi uitwao Express Entry ulianza Januari 2015, na katika mfumo huo mpango wa wafanyakazi wenye ujuzi umedai ngazi ya 7. Kwa mtihani wa IELTS, ngazi hiyo ni alama 6.0 katika kila stadi: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Aliyepata 7.0 katika stadi tatu na 5.5 katika kuandika hajafuzu, kwani wastani hauhesabiwi. Matokeo nayo hudumu miaka miwili tu. Hivyo nusu alama yaweza kuichelewesha familia nzima.

Kwa uraia masharti ni mepesi zaidi: mwombaji mwenye umri wa miaka 18 hadi 54 huonyesha ngazi ya 4 katika kuzungumza na kusikiliza.

Katika IELTS, msamiati ni kimojawapo cha vigezo vinne vyenye uzito sawa vya kusahihisha kuandika na kuzungumza. Mtihani wa Cambridge uitwao B2 First una sehemu maalumu ya uundaji wa maneno: mtahiniwa hupewa kifungu chenye mapengo 8 na neno la msingi kwa kila pengo, naye hulibadilisha neno hilo lifae.

Mazoea ya Kiswahili ni mtaji

Watahiniwa wengi huandika orodha ndefu ya maneno na tafsiri zake, wakayakariri moja moja. Njia hiyo huchosha na matunda yake ni haba. Msemaji wa Kiswahili anayo njia bora tangu utotoni, maana lugha yake huzaa maneno kwa viambishi. Kitenzi "omba" humpa mwombaji na ombi. Kiingereza hufanya vivyo hivyo: "apply" ni kuomba, "applicant" ni mwombaji, na "application" ni ombi.

Mfano wa pili ni "ajiri". Mwajiri ni "employer", mwajiriwa ni "employee", na ajira ni "employment". Tofauti ya mwajiri na mwajiriwa, ambayo Mswahili haikosei, ndiyo tofauti ya viambishi tamati "-er" na "-ee". Ukiongeza kiambishi awali "un-", unapata "unemployed", yaani asiye na kazi, na "unemployment", yaani ukosefu wa kazi. Neno moja limezaa mengine matano.

Viambishi vya kukanusha navyo vina mwenzao katika Kiswahili. "In-" hugeuka "im-" mbele ya "p", "b" au "m", kama katika "impossible". Hugeuka "il-" mbele ya "l", kama "illegal", na "ir-" mbele ya "r", kama "irregular". Mswahili hashangai, kwa sababu husema nyumba mbaya na njia ndefu, ilhali vivumishi vyenyewe ni "-baya" na "-refu". Sauti hufuata jirani yake. Lakini "un-" haigeuki: husemwa "unlikely" na "unpopular".

Mahali pa kujihadhari

Katika Kiswahili mkazo huwa kwa kawaida katika silabi ya pili kutoka mwisho. Katika Kiingereza huhama ndani ya ukoo mmoja. "Photograph" hubeba mkazo katika silabi ya kwanza, "photographer" katika ya pili, na "photographic" katika ya tatu. Kwa hiyo kila neno jipya lisomwe kwa sauti.

Aidha, baadhi ya maneno hupotosha. "Invaluable" haina maana ya kitu kisicho na thamani, bali chenye thamani isiyokadirika. Tena koo nyingine zimechanganyika. Baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, Kifaransa na Kilatini viliingia kwa wingi. Ndiyo maana mwezi ni "moon", lakini kivumishi chake ni "lunar". Maneno ya namna hii hayana budi kukaririwa.

Zoezi

Kabla ya kujaza pengo, jiulize maswali matatu. Je, panahitajika nomino, kitenzi, kivumishi au kielezi? Je, maana ni ya kukubali au ya kukanusha? Je, ni umoja au wingi? Kisha geuza neno lililotangulia kila sentensi.

1. APPLY: Her ______ was sent to the office in June.
2. EMPLOY: The factory closed and many people became ______.
3. DECIDE: The family is still waiting for a ______.
4. LEGAL: It is ______ to drive without a licence.
5. CARE: He filled in the form so ______ that he had to do it again.

Majibu: 1. application, 2. unemployed, 3. decision, 4. illegal, 5. carelessly. Katika swali la tano, "carefully" pia ni kielezi, lakini maana ya sentensi inaikataa. Aliyesahau swali la pili kati ya yale matatu hukosa hapo.

Pa kujifunzia

Serikali kuu ya Kanada hugharimia masomo ya lugha yaitwayo LINC, yaliyoanza mwaka 1992, bila malipo kwa wakaazi wa kudumu na wakimbizi waliokwisha kutambuliwa. Maktaba ya Umma ya Toronto ina tawi la Malvern katika barabara ya Sewells, karibu na maduka ya Malvern Town Centre, na mwenye kadi huazima vitabu bure.

Atakayeingia humo afungue daftari na atenge ukurasa mmoja kwa kila ukoo: kitenzi juu, chini yake nomino, kivumishi, kielezi na kinyume. Koo tano kwa siku zinatosha. Kazi hiyo si ngeni kwake. Kitabu, katibu na maktaba ni maneno ya ukoo mmoja, naye aliyajua yote matatu kabla hajasikia habari za mtihani wowote.